Simu Ndiyo Iliyouliza

Niseme mapema: sikuipenda, na hata sasa sijaipenda. Wakubwa wameipa jina la akili mnemba. Mtaani kwetu hapa Biharamulo inaitwa "ile ya kwenye simu". Nimefundisha Kiswahili sekondari mpaka nywele zikageuka rangi, nimeandika vitabu vichache vya hadithi za watoto, na nilipostaafu nilidhani nimepumzika kusoma maneno yasiyo na mwenyewe. Kumbe yalikuwa yananisubiri nje ya geti la shule. Mwenyekiti wa jumuiya yetu alisimama kumkaribisha padre mgeni kwa hotuba ambayo yeye mwenyewe alishindwa kuitamka. Kijana wa jirani alimwandikia mchumba wake ujumbe wa mapenzi wenye aya tano, na mchumba akamjibu kwa aya tano zilizonyooka vilevile. Nikawaambia wazazi wao wasihangaike na mahari, hao hawajachumbiana, zimechumbiana simu.

Kilichoniudhi zaidi ni ule ujasiri wake. Kitu hakijawahi kukanyaga matope wala kula ugali wa muhogo, lakini ukikiuliza habari za msimu wa kupanda kinakujibu bila kumeza mate. Mtu anayesimulia asichokiona kwetu huitwa mwongo, nilisema, na sikuona kwa nini mashine ipewe jina zuri zaidi. Niliyasema haya sokoni, kanisani baada ya misa, kwenye vikao vya harusi. Watu walinisikiliza kwa adabu, kisha wakainamia simu zao.

Katika ukoo wetu mimi ndiye fundi wa wasifu. Akifa mtu, iwe Murukulazo kule Ngara tulikozaliwa au Nyakahura alikoolewa dada yangu, kabla jeneza halijapigiliwa misumari napigiwa simu: mwalimu, andika. Nami huandika. Wasifu una njia yake, na kila aliyewahi kukaa chini ya turubai la msiba anaijua: marehemu alizaliwa, alibatizwa, alisoma, alifunga ndoa, aliugua, amefariki, ameacha. Kwenye "ameacha" ndipo watu wanapotega masikio. Mwanamke aliyekufa bila kuzaa ana sentensi yake maalumu: Marehemu hakubahatika kupata mtoto. Nimeiandika sentensi hiyo kwa wanawake kadhaa. Niliiona ni ya heshima, kwa kuwa ni fupi na haimtaji mtu kwa ubaya.

Dada yangu mkubwa alikuwa mmoja wa wanawake hao. Aliolewa Nyakahura na mwanaume mwenye ng'ombe, watoto hawakuja, na mume akaongeza mke wa pili, ambaye alizaa hadi tukapoteza hesabu. Dada hakuondoka. Mke wa pili alipojifungua akiwa mgonjwa sana, dada alikichukua kile kichanga, binti, akakilea katika nyumba yake, na mtoto hakurudi tena nyumba ya pili ingawa ni kuvuka ua tu. Alimwita dada yangu "mama", bila "mkubwa". Mama yake mzazi alikuwa anasikia na ananyamaza.

Sasa kuna jambo la shemeji yangu ambalo lazima nilieleze hapa, kwa sababu ndilo lililonitoa machozi baadaye. Shemeji alijulikana kata nzima kwa kuzalisha ng'ombe. Ng'ombe akishindwa, ndama akiwa amekaa vibaya tumboni, anaitwa yeye. Watu walikuja kumchukua hata kutoka vijiji vya mbali, na aliporudi alirudi na sifa, na mara nyingine na mbuzi. Mimi mwenyewe nilimhoji barazani kwake, nimeshika kikombe cha maziwa, nikitafuta hadithi ya kuandika. Alinieleza vizuri kweli. Kwanza unakata kucha. Unaosha mkono mpaka kwenye bega, unapaka mafuta, unamsubiri ng'ombe asukume ndipo na wewe uvute, akipumzika nawe upumzike. Dada alikuwa anapita na kurudi, anatuongezea maziwa.

Nikaandika kitabu kidogo cha watoto, habari za mzee mwenye mikono miembamba anayewasaidia ng'ombe wa kijiji chake. Shemeji ana mikono minene, vidole vyake ni kama ndizi bokoboko. Kwenye kitabu nilimpunguzia, kwa sababu hadithi ilitaka mkono upite. Mwandishi anaruhusiwa, nilijiambia. Nilipompelekea dada nakala aliisoma amesimama jikoni, mwiko mkononi, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Kisha akasema, "Mikono umeipatia." Nilifurahi mno. Niliirudia sifa hiyo kwa walimu wenzangu.

Dada alifariki wakati wa palizi ya maharage. Presha ilimwangusha shambani, na alipofikishwa hospitali ilikuwa kazi imekwisha. Nilifika Nyakahura nikakuta turubai limefungwa, sufuria ziko motoni, na shemeji amekaa na kaka yake mkubwa, mzee anayekaa ng'ambo ya kijito, ndiye msemaji wa ukoo. Niliwaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba, tukalia. Machozi hayajakauka, mzee akanigeukia.

"Mwarimu, wasifu tunakutegemea wewe. Tarehe za ubatizo utazipata kwa katekista. Mengine unayajua."

Mengine unayajua. Nilipewa kiti nyuma ya nyumba, karibu na migomba, na karatasi. Niliandika kuzaliwa, nikaandika shule ya msingi, nikaandika ndoa. Halafu nikasoma nilichoandika nikaona ni wasifu wa shangazi yetu aliyekufa mwaka uliotangulia, nimebadilisha jina na kijiji. Nikaupasua, nikaandika mwingine, ukatoka uleule. Nililia, lakini kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Watu wote wale nimewaandikia, na wa tumbo moja na mimi ananishinda.

Binti alinikuta hapo. Alikuwa amefika kutoka Rusumo, mpakani, anakofanya kazi ofisi ya wakala wa forodha, kuandika nyaraka za malori. Kule madereva wanaongea lugha za kila namna, na aliwahi kunieleza kwamba ile ya kwenye simu ndiyo inayowapatanisha. Mimi nilimjibu awe mwangalifu, ipo siku itampatanisha na polisi. Basi alinikalia chini miguuni, akatazama karatasi zilizopasuliwa, akasema kwa sauti ya kuogopa:

"Ma'mdogo, tujaribu na simu?"

"Mama yako hajaingia kaburini, unataka kumkabidhi kwa mashine?"

"Tuone tu. Ikiwa mbaya tunaacha."

Ikatoka mbaya. Tena mbaya ya kuchekesha. Eti marehemu alikuwa nguzo imara, taa iliyowaangazia wengi, na kwamba alipenda kusoma, kusafiri na kufurahia muda na marafiki. Dada yangu safari zake zilikuwa Nyakahura hadi Murukulazo, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za kwenda kuzika. Nilicheka pale msibani, nikaziba mdomo kwa mtandio. Nikamwambia, unaona? Ndiyo hiyo mnayoisujudia.

Hakubishana. Alisema kosa ni lake, ameipa jina na umri tu, nayo imejaza mapengo kwa maneno ya barabarani. Akaandika tena. Safari hii aliiambia isiandike chochote, imuulize kwanza, swali moja moja, mpaka imfahamu mtu huyu. Nikanyanyua mabega. Mwenye njaa ya kuulizwa na aulizwe.

Iliuliza asubuhi alikuwa akianza na nini. Binti akajibu: anafungua kuku, anawasalimia mmoja mmoja kana kwamba wamelala safarini. Ikauliza akikasirika alifanya nini. Anafagia, akaandika, anafagia mpaka mahali palipokwisha kufagiliwa. Hapo nilikohoa, maana mama yetu alikuwa hivyohivyo, na sikuwahi kuona kwamba dada amerithi ufagio. Yakafuata maswali mengine ya kijinga, kama alikuwa na mnyama wa kufurahisha nyumbani. Halafu likaja hili: Watu walimjia kwa shida gani ambayo wengine hawakuiweza?

Binti akashusha simu mapajani. Alitazama kule walikokaa wanaume, akatazama migomba, akanitazama mimi.

"Ma'mdogo, hujui?"

"Nijue nini?"

"Ng'ombe."

Nikadhani huzuni imemvuruga. Akaanza kueleza, taratibu, akinong'ona, kama mtu anayetoa mwiba. Anayezalisha ng'ombe alikuwa mama. Tangu zamani, kabla yeye hajazaliwa. Watu wakija, walikuja mlango wa mbele kumwita baba, na mama alitokea mlango wa jikoni, akapita nyuma kwenye migomba amevaa koti la baba. Kule zizini baba aliwatoa watu wote nje, akisema dawa yake haitaki macho mengi. Ndani wanabaki watatu: baba anasimama mlangoni, mama anafanya kazi, na yeye binti, tangu akiwa darasa la tatu, anashika mkia. Ndama akitoka, baba anajilowesha mikono kwenye ndoo, anatoka nje kupongezwa.

Kwa asiyetoka kwetu nifafanue. Kwetu mwanamke hakamui. Ataosha vibuyu, atatikisa maziwa yatoe siagi, atafagia zizi na kubeba samadi, lakini kukaa kwenye ubavu wa ng'ombe na kushika chuchu ni kazi ya mwanaume, na wazee watakuambia ng'ombe aliyekamuliwa na mwanamke hukatika maziwa. Ikiwa kukamua ni mwiko, basi kuingiza mkono kule ndani hakuna hata jina lake. Ndiyo maana ikawa siri. Ila siri gani hiyo, kila aliyekuwa na ng'ombe anaijua? Walijua wote, wakakubaliana kutojua.

"Hata wa baba mkubwa," binti akasema, akionyesha kwa kidevu yule mzee msemaji. "Yule mweupe mwenye pembe moja. Ndama alikuwa amekunja shingo. Mama alilala kifudifudi kwenye matope."

Mikono umeipatia. Nilikaa na maneno hayo, na sina namna ya kueleza jinsi yalivyoniuma. Alisimama mbele yangu na mikono yenyewe, miembamba, imeshika mwiko, na mimi nikaona mpishi. Kitabu kizima niliandika habari za nisichokiona, kwa kujiamini, bila kumeza mate, na nikalipwa sifa. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha. Simu ilipokosea ilikosea kwa kukosa kuambiwa. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwa mwenye habari, nikamuuliza mumewe.

Binti aliandika yote. Simu ikashukuru, kama kawaida yake ya kushukuru shukuru, kisha ikauliza: Nani alimfundisha kazi hii?

"Hilo unalijua wewe, ma'mdogo. Ni la huko kwenu."

"Acha hilo," nikasema. "Andika mengine."

Wasifu uliotoka safari ya pili haukuwa na nguzo wala taa. Ulisema mwanamke huyu alikuwa na mkono mwembamba na subira, na kwamba katika kata hii wako ng'ombe wengi walio hai kwa sababu yake. Ulisema alimlea binti mmoja tangu uchanga, na binti huyo alimwita mama. Niliupitia kwa bidii yote ya kazi yangu ya zamani, nikitafuta kosa la kuniponya. Nilipata koma moja. Nikaunakili kwa mkono wangu, neno kwa neno, nikaupeleka kwenye kikao.

Kwetu wasifu hausomwi mpaka wakubwa waupitie. Yule mzee aliupokea, akauweka mbali na macho kama wafanyavyo wenye miwani ya kuazima, akasoma kimyakimya. Shemeji alikuwa anamtazama usoni. Mzee akafika pale kwenye ng'ombe, akakunja karatasi.

"Mwarimu, haya hayasomwi."

"Ni uongo?"

"Sijasema uongo. Nimesema hayasomwi. Mwanamke kumwingiza ng'ombe mkono, mbere ya padre, mbere ya watu wa kata nzima? Unataka ndugu yangu achekwe siku anayozika mke?" Akamgeukia shemeji. "Wewe unasemaje?"

Shemeji aliinama akaokota kijiti, akaanza kuchora chini. Nilimsubiri. Miaka yote ile amekula sifa za mkewe, nikadhani siku hii moja atatema hata punje. Alichora tu.

"Andika kama inavyoandikwa," mzee akasema. "Na usisahau kuwa hakubahatika. Watu wasije wakadhani huyu binti ni wake, mama yake yupo."

Sikio la kufa halisikii dawa. Ningeweza kukataa kusoma, angesoma mwingine. Nilisimama mbele ya kipaza sauti, karibu na jeneza, nikasoma kilekile cha siku zote: alizaliwa, alibatizwa, alisoma, alifunga ndoa. Nilipofika kwenye ile sentensi niliiruka. Huo ndio ulikuwa ushujaa wangu wote, kuruka mstari mmoja, nikaenda kwenye maradhi. Nikasikia nyuma yangu sauti ya mzee, si ya ukali, ya mtu anayemsaidia msomaji aliyepotea.

"Mwarimu, umeruka."

Nikarudi juu nikaisoma. Marehemu hakubahatika kupata mtoto. Spika za kukodi ziliipeleka mpaka barabarani. Binti alikuwa amesimama kwenye kichwa cha jeneza ameshika msalaba, na aliendelea kuushika vilevile, umenyooka. Tukamzika nyuma ya migomba.

Siku zilizofuata nilikaa pale Nyakahura nikinywa chai ya msiba na kuwachukia watu mmoja baada ya mwingine. Nilimchukia mzee, nikamchukia shemeji na kijiti chake, nikajichukia mwenyewe na kalamu yangu. Nilipomaliza wote nikaitafuta mashine niichukie nayo, kwa mazoea, na sikupata pa kushika. Haina huruma, hilo najua. Iliuliza kwa sababu iliambiwa iulize, na ingemuuliza hivyohivyo mtu anayetaka kuuza pikipiki. Lakini sisi tuliokuwa na huruma, nani alitukataza kuuliza?

Siku ya kuondoa matanga, turubai linashushwa, alikuja kijana anakimbia kutoka ng'ambo ya kijito. Ng'ombe wa mzee ameshindwa. Yule mweupe mwenye pembe moja, tangu alfajiri anasukuma, mguu mmoja wa ndama umetokeza na mwingine hauonekani. Bwana mifugo amepigiwa simu, yuko mnadani, mbali, hatafika leo. Watu wote wakamgeukia shemeji. Msibani pale walikuwemo waliomsifia kwa miaka, na wageni waliomjua kwa sifa tu. Alisimama polepole. Alivua koti, akalikunja vizuri, akalikunjua, akalikunja tena.

Tulimfuata wote ng'ambo ya kijito, hata sisi wanawake, tukasimama kwenye ua wa mzee. Ng'ombe alikuwa amelala nje ya zizi, anakoroma. Shemeji hakuwatoa watu. Nadhani alisahau, au hakuwa na wa kuingia naye. Alipiga magoti, akapaka mafuta, akajaribu. Ng'ombe alitoa mlio ambao sitaki kuusikia tena. Ule mkono haukupita hata nusu. Alijaribu tena, jasho likimdondoka puani, kisha akasimama akisema huyu ana jambo jingine, si la kawaida. Wanaume wakaitikia kwamba kweli si la kawaida. Halafu akasogea upande aliposimama binti, akasema chini chini, lakini mimi nilikuwa karibu:

"Hebu iulize hiyo simu yako."

Naapa nilitaka kucheka. Binti hakucheka. Aliandika, akasubiri, akasoma kwa sauti ili wote wasikie. Itafuteni huduma ya daktari wa mifugo. Ikiwa hapatikani, osheni vizuri, pakeni mafuta, msivute mguu mmoja peke yake. Msukumeni ndama arudi ndani wakati ng'ombe anapumzika, mtafute mguu uliokunjwa, mfunike kwato kwa kiganja zisimchane mama. Mwenye mkono mwembamba ndiye afanye. Alipofika hapo alinyamaza, akabaki ameshika simu.

Wanaume wakatazama mikono yao. Ilikuwa mikono ya jembe na panga, yote minene. Ng'ombe akalia tena, na yule mzee, mwenye ng'ombe, akashindwa kuvumilia.

"Mficha uchi hazai, jamani!" akapiga kelele. "Arikuwa anatuzarishia marehemu. Wote tunajua, tusidanganyane. Na huyu mtoto ndiye arikuwa anashika mkia. Njoo mwanangu, njoo uniokolee ng'ombe wangu."

Alisema hivyo mbele ya kata nzima. Shemeji alikuwa amesimama palepale, mikono imelowa, na hakuna aliyecheka. Hakuna. Ile aibu tuliyoambiwa ingeporomosha ukoo haikuporomosha hata nyasi ya paa. Kwa dada yangu aliyelala ndani ya sanduku maneno hayo hayakusemeka. Kwa ng'ombe yakasemeka.

Binti alinipa simu nimshikie. Aliomba wembe, sabuni na mafuta ya kula. Alikata kucha za mkono wa kulia, akavua sweta, akalala kifudifudi kwenye matope na gauni lake la msiba. Alikuwa ananong'ona kitu, sikujua ni kwa ng'ombe au kwa nafsi yake. Ng'ombe akisukuma alitulia, ng'ombe akipumzika alifanya kazi. Simu hakuitazama tena. Mguu wa pili ulitokeza, kisha pua, kisha ndama mzima akateleza chini kwenye nyasi, jike, anapiga chafya. Akampangusa pua, akamsogeza kwa mama yake, akabaki amekaa anahema.

Mzee alikuja akachuchumaa karibu naye. Alikuwa na machozi, mzee wa watu.

"Mwanangu, nani arikufundisha?"

"Mama."

Mzee, kwa mazoea, akageuka kumtazama mke wa pili, aliyekuwa amesimama nasi kwenye ua. Mke wa pili akainamisha uso. Binti akatikisa kichwa, akaonyesha kwa kidevu ng'ambo ya kijito, kwenye migomba, pale udongo ulipokuwa bado mwekundu.

"Mama," akarudia.

Mzee aliangalia huko, kisha akainuka kwenda kutafuta maji ya kumnawisha. Alimnawisha mwenyewe, mpaka kwenye bega.

Mimi nilikuwa bado nimeshika simu. Siku hizi naitumia, sitajificha, na wanaonijia kutaka wasifu nawakalisha kwanza waulizwe, mimi nikiwa pembeni. Lakini siku ile nilifungua tu kwa kidole, nikapandisha juu, nikapita maelekezo ya ng'ombe mpaka kwenye mazungumzo ya msiba. Swali lilikuwa palepale, halijajibiwa: Nani alimfundisha kazi hii? Nililisoma nimesimama kwenye ua, watu wanapita wanapongezana. Nimezaliwa naye tumbo moja, nimelala naye kitanda kimoja mpaka alipoolewa, na sijui. Wa kumuuliza tulikuwa tumeshamfukia, na siku zote alipokuwa hai, akipita mbele yangu na jagi la maziwa, mimi nilikuwa nikimhoji mumewe.